Sura Nyeusi Tii, Anga Jeupe Pe: Fundi Anajibu Maswali ya Filamu na Mita

Mwezi huu barua nyingi zimegusa kitu kimoja, jua kali na kivuli kizito ndani ya fremu moja. Nimechukua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana ndo mama wa zote, ukiielewa hiyo zingine zinafunguka zenyewe.

SWALI: Fundi shikamoo. Nina kamera ya filamu ya milimita 35, ina mita yake ya kupima mwanga ndani na huwa nafuata sindano inavyosema. Nikipiga watu wamekaa kivulini barazani alafu nyuma yao kuna jua, sura zinatoka nyeusi, hata macho hayaonekani. Nikiwapiga walewale wakiwa juani wanatoka vizuri. Natumia filamu ya rangi ya negativu, ISO 200. Rafiki yangu anasema tatizo ni filamu, nihamie ISO 800. Ni kweli?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Rafiki yako ana nia njema ila hapo amekosea, na nisingependa utoe hela yako kwa ushauri huo. ISO ni namba ya wepesi wa filamu kushika mwanga, basi. Ukiweka ISO 800 mita itaona mwanga uleule na itafanya kosa lilelile, itapandisha tu kasi ya shata, lile pazia linaloingiza mwanga, au kubana tundu la lenzi zaidi, sura zitabaki nyeusi kama zilivyo na juu yake utakuwa umejiongezea chenga, ule unga unga unaoonekana kwenye picha.

Shida iko kwenye namna mita inavyofikiri. Yenyewe haijui kama mbele yako kuna mtu, ukuta au mbuzi. Imetengenezwa iamini kwamba chochote unachoielekezea, ukikijumlisha chote, ni kijivu cha wastani, kile kinachorudisha karibu asilimia 18 ya mwanga unaokipiga. Sasa fremu yako imejaa ua wenye jua, watu wako kipande kidogo tu hapo katikati, kwa hiyo mita inashika lile jua na kusema mwanga umezidi, bana. Unabana. Ua unatoka na rangi nzuri kabisa, na watu wako ambao ndo sababu ya kutoa kamera kwenye mkoba wanazama gizani.

Tuiweke kwa namba. Kila stopu moja ni mwanga mara mbili au nusu yake. Jua likiwa wazi mchana, kanuni ya wazee inasema funga tundu f/16 (namba ya f ikipanda tundu linabana) na shata iwe sawa na namba ya ISO, yaani kwa filamu yako 1/200 ya sekunde, chukua 1/250 iliyo karibu. Kivuli cha wazi, kama cha baraza linaloona anga, kwa kawaida kiko stopu 3 chini ya hapo, yaani kinataka f/5.6 kwa shata ileile. Mita yako inachanganya vyote viwili na kukupa labda f/11. Maana yake sura zimenyimwa stopu 2, zimepata robo tu ya mwanga zilioutaka. Negativu ya rangi ukiinyima robo tatu ya chakula chake haina cha kukurudishia, hata anayeskani awe hodari vipi, kwenye filamu sehemu ile ni kama hakuna kitu, na ukilazimisha inatoka tope la kijani lenye chenga.

Sasa hapa ndo pa kushika. Negativu inavumilia sana kuzidishiwa mwanga na haivumilii kabisa kunyimwa. Kwa hiyo pimia kivuli. Ondoka pale uliposimama, nenda mpaka karibu na watu, jaza fremu yote kwa kitu kilicho kwenye kivuli kilekile walichokaa, soma mita, kariri namba zako, rudi ulipokuwa, piga kwa namba zilezile hata sindano ikikupigia kelele kwamba umezidisha. Haijui. We ndo unajua. Kama huwezi kusogea na lenzi yako ni ya zumu, ivute ndani usome kisha uirudishe, au weka kiganja chako kwenye kivuli kinachofanana na chao ukisome. Kiganja kinarudisha mwanga karibu mara mbili ya kijivu cha mita, kwa hiyo ukishakisoma fungua stopu moja zaidi. Na kiganja hakitofautiani sana kati ya mtu na mtu kama sura zinavyotofautiana, ndo maana mafundi wengi wanakiamini.

Utauliza, je huo ua wenye jua nyuma si utaungua? Utazidishiwa stopu 3 hivi, na filamu nzuri ya negativu inazimeza. Portra 400 ya Kodak kwa mfano, stopu 2 au hata 3 juu bado ukiskani unapata rangi, pengine laini kidogo na zenye upole fulani ambao wengi wanaupenda. ISO 200 za kawaida nazo zina subira ila siyo kwa kiwango hicho. Kwa kazi yako hii, kama unaweza kuipata, mi ningechukua Portra 400 nikaweka mita kwenye 200. Hapo huigeuzi filamu, unaiambia mita tu kwamba filamu ni nzito kidogo kushika mwanga ili kila fremu ipate stopu moja ya akiba, na ukipeleka kusafishwa unasema isafishwe kama kawaida, usiseme kitu kingine. Ila angalia, kamera nyingi zilizotengenezwa baada ya alama za DX kuanza mwaka 1983 zinajisomea ISO zenyewe kwenye kopo la mkanda, na baadhi hazina pa kubadilisha, basi tumia kile kitufe cha kusahihisha mwanga ukiweke kwenye +1.

Ektar 100 ni filamu nzuri mno, rangi zake zimekolea, lakini kwa watu kivulini na jua nyuma sikushauri. Ukiinyima mwanga kidogo tu vivuli vinakimbilia buluu.

Kitu kimoja cha kukumbuka, haya yote yana mpaka. Mtu akiwa ndani ya chumba na dirisha nyuma yake linaonyesha jua la mchana, tofauti inaweza kufika stopu 8 mpaka 10, na hapo hata ukizirekodi zote kwenye negativu, karatasi ya kuchapia au kioo cha simu haviwezi kuonyesha vyote bila kuminya. Chagua. Ama dirisha liungue, na mara nyingi linapendeza likiungua, au mtu awe kivuli cheusi kwa makusudi, au umletee mwanga wa flashi uliopunguzwa stopu moja chini ya mwanga wa nje ili isionekane kama umempiga flashi usoni. Ukitumia flashi angalia shata yako isipite kasi yake ya kuoana nayo, kwa kamera nyingi za milimita 35 ni kati ya 1/60 na 1/250, ukipita hapo nusu ya fremu inatoka nyeusi.

SWALI: Kaka Fundi, mimi napiga slaidi, Velvia 50 ya Fujifilm, mandhari tu, milima na mabonde asubuhi. Nilisoma mahali kwamba siku zote upimie kivuli. Nimefanya hivyo mkanda mzima, anga zote zimetoka kama karatasi tupu. Nimeumia sana. Nimekosea wapi?

JIBU: Pole sana dada yangu, mkanda mzima wa slaidi siyo kitu cha kupoteza, na kosa siyo lako, ushauri uliosoma ni wa negativu, mtu kauandika bila kusema ni wa nini. Slaidi, ambayo filamu yenyewe ndo picha, ni kinyume chake. Kwenye negativu sehemu yenye mwanga mwingi inajaa weusi, na weusi unaweza kuupenya wakati wa kuchapa, lakini kwenye slaidi sehemu iliyozidishiwa inakuwa plastiki tupu, hakuna kitu pale, hakuna fundi wala skana itakayokurudishia wingu. Kwa hiyo kwenye slaidi linda penye mwanga, kivuli kiache kianguke kitakakoangukia.

Velvia tangu itoke mwaka 1990 imependwa kwa rangi zake, na bei ya rangi zile ni kwamba inabeba stopu kama 5 tu kutoka cheusi chenye kitu ndani mpaka cheupe chenye kitu ndani. Negativu za rangi zinapita 10. Bonde lako lenye ukungu kivulini na mlima juu umeshapigwa na jua linaweza kuwa na stopu 7 kirahisi. Haiingii, hata upime vipi.

Fanya hivi. Kama una spoti mita au kamera yenye kupimia doa dogo, soma pale pang'avu kuliko pote ambapo bado unataka kuona kitu, ukingo wa wingu kwa mfano, siyo jua lenyewe. Mita itataka kuligeuza wingu kijivu, kwa hiyo fungua kutoka hapo stopu moja na nusu, ukienda 2 uko ukingoni. Hayo ndo mapimo yako. Sasa kabla hujabonyeza soma na kivuli cha chini, kikiwa stopu 3 au zaidi chini ya mapimo hayo ujue kitatoka cheusi tii, jiulize kama picha inaishi hivyo. Mara nyingi inaishi, umbo jeusi la kilima mbele ya anga lenye rangi ni picha kamili. Kama haiishi, weka filta ya kijivu ya nusu, ile iliyo nyeusi juu na wazi chini, ya stopu 2 au 3, pima bonde bila filta, funga namba zako, ndo uishushe filta mpaka mstari wake ukae kwenye mpaka wa mlima na anga. Upeo ukiwa na vilele vinavyopanda na kushuka chukua yenye mpito laini, ile yenye mstari mkali inaacha vilele vimekatwa giza na kila mtu anaona.

Na piga mara tatu, kwa nusu stopu, moja kwenye mapimo, moja chini, moja juu. Kwa slaidi hiyo siyo ubadhirifu, tofauti ya nusu stopu inaonekana kwa macho. Ukitaka kitu kilicho kwenye ukoo huohuo wa slaidi ila chenye upole zaidi kidogo, kuna Provia 100F.

SWALI: Fundi, mimi ni mtu mweusi na napiga watu weusi. Nguo nyeupe pe, jua la saa nane. Nikisoma nguo sura inapotea, nikisoma sura nguo inapauka. Nisome nini?

JIBU: Usisome chochote kati ya hivyo viwili, soma mwanga wenyewe. Tafuta mita ya mkononi yenye kile kibanda cheupe cha mviringo, simama pale alipo mtu wako, kibanda kiangalie lenzi, soma. Mita ya namna hiyo inapima mwanga unaoanguka, haihangaiki na rangi ya mtu wala ya nguo, kwa hiyo cheusi kinakaa mahali pake na cheupe pake. Hauna hiyo mita? Kadi ya kijivu palepale alipo, au kiganja na stopu moja kama nilivyomwambia ndugu wa barazani.

Kwa negativu ongeza stopu moja juu ya hapo bila kuogopa. Ngozi nyeusi ina mengi ndani yake, ule mng'ao wa paji la uso, ule wekundu wa chini ya shavu, na vyote hivyo vinakaa sehemu ya chini ya filamu ambapo kitu kinapotea kwanza ukibana mwanga. Tujue pia kwamba kwa miaka mingi maabara za picha zilikuwa zinaweka rangi za mashine kwa kufuata kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, zikiitwa kadi za Shirley, kwa hiyo sura zetu zilitoka tope na mtu akaambiwa ni yeye hapigiki. Tunapigika vizuri mno. Saa nane mchana lakini, kama unaweza kumsogeza kivulini msogeze, jua likiwa juu ya utosi macho yanakuwa mashimo kwa mtu yeyote yule, na hapo mita haina msaada.

SWALI: Habari za kazi Fundi. Napiga nyeusi na nyeupe tu, HP5 Plus ya Ilford, nasafisha mwenyewe. Nilifunga filta nyekundu siku ya jua kali nikapiga njia yenye miti pande mbili, nikidhani inapunguza ukali, yaani tofauti ya jua na kivuli. Anga limetoka zuri, mawingu yamesimama, lakini chini ya miti hamna kitu. Mita ilisoma kupitia filta.

JIBU: Nzuri kabisa. Hili swali nimelipenda maana hata mi liliwahi kunichanganya kwa muda mrefu, nilikuwa naona mawingu yangu mazuri nikadhani filta imepunguza ukali kumbe imeuongeza. Fikiria kivuli cha nje kinamulikwa na nini. Jua halikifikii, kinachokimulika ni anga, na anga ni buluu. Filta nyekundu kazi yake ni kuizuia buluu. Kwa hiyo umeshusha anga, sawa, ila umekinyang'anya kivuli taa yake pekee, wakati penye jua hapajaguswa sana. Juu ya hapo jicho la mita halioni wekundu sawasawa na filamu inavyouona, kwa hiyo kusoma kupitia filta nyekundu nzito kunaweza kukupoteza, ni salama zaidi usome bila filta alafu uongeze stopu 3 kwa ile nyekundu ya namba 25. Kwa njia yako ya miti weka ya njano, inakula stopu moja tu, au acha kabisa.

Ukali wenyewe unashushwa kwingine, kwenye tanki la kusafishia, na we unasafisha mwenyewe kwa hiyo una bahati ambayo wengi hawana. Ansel Adams na Fred Archer karibu mwaka 1940 walilipangilia jambo hili wakaliita mfumo wa zoni, kuna vitabu vizito juu yake lakini kiini chake kwa picha yako ni hiki. Soma kivuli ambacho unataka kuona magome na majani ndani yake. Mita inataka kukifanya kijivu, we unakitaka cheusi chenye uhai, basi funga stopu 2 kutoka hapo, na hayo ndo mapimo. Sasa soma penye jua pang'avu panapotakiwa kubaki na kitu. Kama panapita kile kivuli kwa stopu 5, safisha kama kawaida. Zikiwa 6, punguza muda wa kusafisha kwa asilimia 15 mpaka 20. Zikiwa 7, punguza zaidi, ila fanya majaribio kwanza na mkanda usio na thamani.

Kwa nini inafanya kazi? Sehemu za kivuli zimepata mwanga kidogo, dawa inazimaliza mapema, hata ukiongeza dakika hazina cha kuongeza. Sehemu za jua zenyewe zinaendelea kukolea kila dakika inayopita. Ukimwaga dawa mapema kivuli kimeshapata karibu chake chote na jua limezuiwa lisizibe. Karibu, siyo chote, ndo maana ukipunguza muda ni lazima ulipe kwa mwanga, HP5 iweke 200 badala ya 400. Na usiitikise tanki kama unachanganya uji, kutikisa kwingi kunakoleza palepale unapotaka pasikolee.

Kama siku unatoka hujui utakutana na mwanga gani, na hutaki hesabu, beba XP2 Super. Ni nyeusi na nyeupe ila inasafishwa kwa dawa za filamu ya rangi, ISO 400, na mkanda mmoja unaweza kupiga fremu hii kwa 100 na ile kwa 400 zote zikachapika. Ina tabia moja nzuri, ukiizidishia mwanga chenga zinapungua, kwa sababu picha yake ni ya rangi zilizoumbika siyo ya fedha, wakati HP5 ukiizidishia chenga zinaongezeka.

SWALI: Fundi, nimerithi kamera ya miaka ya 1970, mita inafanya kazi ila picha zote, hata za mwanga wa kawaida usio na vivuli, zinatoka nyeusi nyeusi. Nimeweka betri mpya.

JIBU: Betri mpya hiyohiyo inawezekana ndo mchawi. Kamera nyingi za wakati ule ziliundwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo ilipigwa marufuku kwa sababu zebaki ni sumu. Za leo za umbo lile ni za alkali, volti 1.5, kwa hiyo mita ya namna hiyo inapata nguvu kuliko ilivyopangiwa na kudhani mwanga ni mwingi, inakubania. Tena volti ya alkali inashuka kidogokidogo inavyotumika kwa hiyo kosa lenyewe halitulii. Tafuta zile za zinki na hewa zinazotumika kwenye vifaa vya kusaidia kusikia, ni volti 1.4 na zinakaa palepale mpaka zinapokufa, utahitaji kijipete cha kuzishikilia zikae sawa. Kisha toka nje mchana jua likiwa wazi kabisa, weka ISO 100, soma kadi ya kijivu au majani mabichi yenye jua. Ikikupa 1/125 kwa f/16 au jirani yake, mita ni nzima. Ikikosea kwa kiasi kilekile kila mara, mfano stopu moja, haihitaji kufunguliwa, badilisha namba ya ISO kwa stopu hiyo uendelee kupiga. Ikiwa leo hivi kesho vile, iache, pimia kwa mita ya mkononi au ya simu, kamera yenyewe itaendelea kufanya kazi bila mita.